Kikomo cha Riba Katika Nchi ya Mlima Meru

Katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka mlima Meru, kuanzia Ilboru mpaka Usa River, Nkoaranga na Engare Nanyuki, usemi mmoja umeenea sana katika miaka ya karibuni: mikopo "kausha damu". Usemi huo haukutungwa na wanasheria wala na maofisa wa benki. Umetoka vinywani mwa wachuuzi, waendesha bodaboda, mama wauza ndizi na watumishi wa mishahara midogo, nao wataja mkopo ambao riba yake humnyonya mkopaji hata akabaki hana nguvu ya kufanya kazi iliyompeleka kukopa. Serikali nayo ina usemi wake juu ya jambo lile lile, yaani "kiwango cha juu cha riba". Baina ya semi hizo mbili, mmoja wa mtaani na mmoja wa ofisini, imo historia ndefu.

Historia hiyo ni ya swali moja: je, bei ya mkopo iwekewe mpaka, na mpaka huo auweke nani? Katika majimbo kadhaa ya Marekani swali hili limepelekwa kwa wapiga kura wenyewe. Katika Tanzania limeamuliwa na Bunge na Benki Kuu. Zamani za kale, katika miteremko ya Meru, liliamuliwa na desturi. Mifano ya zama mbalimbali, ikiwekwa pamoja, yaonyesha jambo moja: kikomo cha riba hudumu pale ambapo mkopo waonekana na watu wengine zaidi ya mkopaji na mkopeshaji. Mkopo ukiisha kufichwa, au ukiisha kubadilishwa jina, tarakimu ya sheria hubaki karatasini tu.

Ushahidi wa maneno

Lugha yenyewe yatoa ushahidi wa kwanza. Kiswahili hutenga kwa uangalifu kitu kinachorudishwa chenyewe na kitu kinachorudishwa mfano wake. Mtu huazima jembe, na jembe lile lile hurudi. Lakini hukopa unga au fedha, na kinachorudi ni unga mwingine na fedha nyingine. Tofauti hiyo ina uzito, kwa maana riba haipati nafasi katika kuazima. Huipata katika kukopa, ambako kitu kilichotoka kimekwisha kutumika na kinachorudi hupimwa kwa hesabu. Kamusi za zamani zalipa neno "kopa" maana mbili, ya kuchukua kwa ahadi ya kulipa, na ya kupata mali ya mtu kwa hila. Hivyo mkopaji alitazamwa kwa shaka tangu zamani, na mithali isemayo "Kukopa harusi, kulipa matanga" yaeleza shaka hiyo kwa maneno manne. Kipo pia kitenzi "wia", ambacho sasa husikika kwa nadra. Msemaji aliyesema "namwia shilingi kumi" alitaja haki yake juu ya mtu mwingine, naye aliyesema "nawiwa" alikiri wajibu wake. Katika kitenzi hicho deni ni uhusiano baina ya watu wawili wanaojuana.

Maneno mengi ya sheria ya mikopo, kama vile deni, dhamana, rehani, karadha na riba, yametoka katika Kiarabu. Asili ya neno riba ni kukua au kuzidi. Katika sheria ya Kiislamu karadha ni mkopo usio na nyongeza, na riba ni nyongeza iliyokatazwa. Kwa hiyo neno lenyewe liliingia katika Kiswahili likiwa limekwisha kuwekewa kikomo, na kikomo hicho kilikuwa sifuri. Walakini biashara ya pwani ilihitaji mtaji. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Unguja na Oman walitumia mkataba wa mauzo yenye hiari ya kukomboa. Mwenye nyumba au shamba "aliiuza" mali yake kwa mwenye fedha, akabaki humo akilipa kodi ya pango, naye akawa na haki ya kuikomboa mali hiyo kwa bei ile ile kabla ya siku iliyowekwa. Kwa jina hapakuwa na riba. Kwa hesabu, kodi ile ndiyo iliyokuwa riba. Huu ni mfano wa mapema wa jambo litakaloonekana tena huko bara: kikomo kinapowekwa juu ya jina, watu hulitafuta jina lingine.

Kiswahili kilipoenea katika mji uliokua kandokando ya boma la Arusha, neno riba lilifika likiwa na sura mbili. Kwa Mwislamu wa mjini lilikuwa jina la dhambi. Kwa karani wa serikali na wa benki lilikuwa jina la malipo halali ya kutumia fedha ya mwingine. Sura hizo mbili zingali zikiishi pamoja, na huenda ndiyo sababu mtu wa mtaani, akitaka kulaani riba iliyopita kiasi, hawezi kulitegemea neno riba peke yake, bali hubuni usemi mpya kama "kausha damu" au "mikopo umiza".

Mkopo wa mifugo

Kabla ya fedha kuwa kipimo cha mali, akiba ya watu wa Meru ilikuwa katika mifugo. Waarusha, ambao ni wakulima wasemao lugha ya Kimaa, na Wameru, ambao lugha yao ina ukoo na lugha za Kichaga, waliishi katika miteremko ile ile ya kusini wakilima migomba na mahindi. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mahali mbalimbali, ili maradhi au wizi visimmalize kwa siku moja. Kwa Wachaga, majirani wa Wameru, desturi hiyo imeandikwa kwa kirefu: mfugaji aliyepewa ng'ombe wa mwenziwe alipata maziwa na samadi, mwenye ng'ombe alibaki na haki ya mnyama na uzao wake, na mnyama akifa mfugaji alipaswa kuonyesha ngozi.

Mpango huu ulikuwa na faida kwa pande zote mbili, na faida hiyo ilikuwa na kikomo kisichohitaji kuandikwa. Ng'ombe hazai zaidi ya uwezo wa maumbile yake. Ukame ukija, mali ya mkopeshaji hupungua pamoja na ya mkopaji. Hawezi kudai ndama ambaye hakuzaliwa. Tena mkopo wa mnyama haufichiki, kwa kuwa majirani humwona zizini na wazee huweza kuitwa kuwa mashahidi. Kwa watu wasemao Kimaa, kupeana mnyama kuliweza hata kubadili namna ya kuitana: waliopeana kondoo huitana "paker", na waliopeana ng'ombe "pakiteng". Deni likawa jina la heshima.

Haifai kuipamba desturi hiyo kupita kiasi. Mwenye ng'ombe wengi alipata pia wafuasi wengi, na maskini aliyelisha mifugo ya tajiri alikuwa chini ya mkono wake. Lakini hatari ilikuwa ya wote wawili, na hilo ndilo jambo ambalo mkopo wa fedha ulikuja kuliondoa. Shilingi huzaa riba hata mvua isiponyesha.

Sheria iliyomfunga mkopaji

Wajerumani walijenga boma la Arusha mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya vita vikali na adhabu kali dhidi ya Waarusha na Wameru katika miaka ya 1896 hadi 1900. Kodi ya nyumba, ambayo utawala wa Kijerumani uliitangaza kwa koloni lake lote kuanzia mwaka 1898, ilimlazimu kila mwenye nyumba kutafuta rupia. Ardhi ya chini ya mlima ikagawiwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliofika kuanzia miaka ya 1904 na 1905, hata mashamba yao yakawa kama mshipi uliowazuia Waarusha na Wameru wasishuke bondeni. Pamoja na boma wakaja wenye maduka, wengi wao Wahindi, nao ndio waliouza nguo, chumvi na majembe, na kununua mazao. Duka lilikuwa pia mahali pa kukopa. Mteja alichukua bidhaa leo kwa ahadi ya mazao ya msimu ujao, na riba ya mkopo huo haikuandikwa popote. Ilikaa ndani ya bei ya nguo na ndani ya bei ya mazao.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kiingereza katika Tanganyika ulitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ya mwaka 1923. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kuwalinda Waafrika wasizame katika madeni. Njia iliyochukuliwa yastahili kuangaliwa kwa makini. Sheria haikuweka kiwango cha riba. Ilisema kwamba mtu asiyekuwa mwenyeji hataweza kudai mahakamani deni la mwenyeji isipokuwa mkataba uwe wa maandishi, na uwe umethibitishwa na ofisa wa utawala. Kwa maneno mengine, ulinzi ulipatikana kwa kumpunguzia Mwafrika uwezo wa kukopa, na bei ya mkopo ikaachwa kama ilivyokuwa.

Matokeo yalikuwa mawili. Kwanza, mfanyabiashara Mwafrika aliyetaka mtaji halali wa benki alikuta mlango umefungwa, kwa kuwa benki haipendi kukopesha mtu ambaye haiwezi kumdai. Wakati huo huo mlowezi aliyekuwa na hati ya shamba katika mteremko ule ule aliweza kuiweka rehani. Na Benki ya Ardhi iliyoanzishwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1940 ilitazama zaidi wakulima wa aina yake. Pili, mkopo wa dukani haukukoma; ulirudi gizani. Mwenye duka, akijua kwamba mahakama haitamsaidia, aliongeza bei ili kufidia hatari hiyo. Sheria iliyokusudiwa kupunguza mzigo wa deni iliweza hivyo kuuongeza kwa wale ambao hawakuwa na njia nyingine.

Unguja ilifuata njia nyingine kidogo. Huko mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamewekwa rehani, na katika mwaka 1934 serikali ilitunga sheria za kuzuia ardhi isihamishwe kutoka kwa Waarabu na Waafrika, na za kuwasimamia wakopesha fedha. Hapo mkono wa sheria uliwagusa wakopeshaji pia. Bara, kwa muda mrefu, ulimgusa mkopaji peke yake.

Ardhi, kahawa na mchango

Kwa watu wa Meru hatari kubwa ya deni ilikuwa, na ingali, ardhi. Kihamba ni kidogo, watoto ni wengi, na nyuma ya kihamba ni msitu wa serikali. Uzito wa jambo hilo ulionekana na dunia nzima katika kesi ya ardhi ya Wameru. Tume ya Jaji Mark Wilson juu ya ardhi za Arusha na Moshi, iliyoundwa mwaka 1946, ilitoa mapendekezo ambayo kwayo Wameru wa Engare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu mwezi Novemba 1951, karibu watu 3,000, ili nchi yao igawiwe walowezi kwa ufugaji. Katika mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza madai ya watu wake.

Katika historia ya mikopo tukio hilo lina fundisho la pembeni lakini lenye thamani. Safari ya kwenda New York na gharama za kuiendesha kesi zilihitaji fedha nyingi kuliko mtu yeyote wa Meru alizokuwa nazo. Fedha hizo zilipatikana kwa mchango. Neno "mchango" halimo katika msamiati wa riba. Aliyechanga hakudai kurudishiwa, lakini alijua nani amechanga na nani hakuchanga, na hesabu ilikuwa mbele ya watu. Watu walionyimwa mkopo kwa sheria walionyesha kwamba waliweza kukusanya mtaji kwa njia waliyoifahamu wenyewe.

Njia ya pili ilikuwa chama cha ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932 ilifungua mlango, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda chama kikuu chao, KNCU. Kilimo cha kahawa kilikuwa kimeenea pia katika Meru, na ushirika ukafuata. Mkulima alipewa mbolea na dawa kabla ya mavuno, na deni likakatwa katika malipo ya kahawa. Mkopo huu ulifanana na mkopo wa ng'ombe kwa mambo mawili: ulilipwa kutokana na uzao wenyewe, na hesabu yake ilisomwa katika mkutano wa wanachama. Ulikuwa na kasoro zake, kwani makarani waliweza kuiba na mizani iliweza kusema uongo. Hata hivyo kasoro hizo zilikuwa na mahali pa kulalamikiwa.

Kumwondoa mkopeshaji

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na siku iliyofuata serikali ikataifisha benki za watu binafsi. Barclays, Standard, National and Grindlays na nyinginezo zikaingizwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia, 1966. Tangu hapo mpaka miaka ya mwanzo ya 1990 viwango vya riba viliwekwa na dola. Kwa hiyo kikomo cha riba kilikuwapo nchini kwa karibu miaka 25, na katika benki rasmi kilifuatwa.

Swali ni nani aliyenufaika nacho. Katikati ya miaka ya 1980 bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na riba ya benki ilikuwa chini ya hapo. Aliyekopa benki alirudisha fedha iliyokwisha kupungua thamani. Kwa hakika alilipwa kwa kukopa. Lakini waliokopa walikuwa hasa mashirika ya umma na vyombo vya mazao. Mkulima wa Meru, ambaye chama chake kikuu cha ushirika kilivunjwa pamoja na vingine nchini mwaka 1976 na kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, hakuwa na njia ya kulifikia dirisha hilo. Kikomo kilikuwa cha haki katika maandishi, lakini foleni iliyokuwa nyuma yake haikupangwa kwa haki.

Hata wakati huo palibaki mpaka mwingine wa riba ambao watu wengi hawaukumbuki, nao ungali katika vitabu vya sheria. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, katika Amri ya 20, Kanuni ya 21, yasema kwamba deni lililokwisha kuamuliwa na mahakama litatozwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine ambacho wahusika wamekubaliana, kisichozidi asilimia 12. Kikomo hiki chafanya kazi kwa utulivu kwa sababu deni lililofika hukumuni limekwisha kuwa wazi mbele ya watu wote.

Kikomo cha asilimia 3.5

Kufuatia ripoti ya Tume ya Nyirabu ya mwaka 1990, Bunge lilipitisha sheria ya mabenki ya mwaka 1991, benki binafsi zikaruhusiwa, na viwango vya riba vikaachiwa soko. Arusha ikawa miongoni mwa miji ya kwanza kuonja mabadiliko hayo kwa watu wadogo. Shirika la PRIDE Tanzania lilianza kazi yake humo katika miaka ya 1993 na 1994, likikopesha vikundi vya wafanyabiashara wadogo ambao walidhaminiana wenyewe kwa wenyewe bila hati ya nyumba wala ya shamba. Baadaye vikaja vikoba na SACCOS, kisha kampuni nyingi za mikopo ya haraka, na mwishowe programu za mikopo za kwenye simu.

Ndipo malalamiko yakazidi katika nchi nzima: riba ya mwezi iliyolingana na riba ya mwaka ya benki, kadi za benki za watumishi kushikwa na wakopeshaji, vyombo vya nyumbani kubebwa mchana mbele ya watoto, na mikataba kutiwa sahihi na watu wasioelewa lugha iliyoandikiwa. Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Watoa huduma walipangwa katika madaraja manne: benki zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wakopeshao bila kupokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii. Kwa daraja la pili Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwezi Novemba 2024 ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Hapa sheria imegeuka kabisa kutoka ile ya mwaka 1923, kwa kuwa sasa mkopeshaji ndiye anayefungwa. Lakini tarakimu hiyo yahitaji kusomwa kwa uangalifu. Asilimia 3.5 kwa mwezi, ikizidishwa mara 12, ni asilimia 42 kwa mwaka. Na ikiwa riba isiyolipwa huongezwa juu ya deni kila mwezi, hupita asilimia 51. Tena, mtu akikopa shilingi 100,000 na kurudisha sehemu moja ya 12 ya mtaji kila mwezi, riba ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, atalipa riba ya shilingi 22,750 kwa mwaka mzima. Riba ikihesabiwa kila mwezi juu ya shilingi 100,000 zilezile za mwanzo, atalipa shilingi 42,000. Tarakimu ni moja, na mzigo wa pili wakaribia kuwa mara mbili ya wa kwanza. Kisha huja ada ya fomu, ada ya bima na adhabu ya kuchelewa, ambazo kwa jina si riba, kama vile kodi ya pango ya wafanyabiashara wa Unguja haikuwa riba.

Vikundi vya vikoba vyatoa mfano ulio kinyume. Riba ya kikoba yaweza kuonekana kubwa kwa mwezi, lakini mwisho wa mzunguko wanachama hugawana fedha hiyo wao wenyewe, na kila mmoja ameiona ikihesabiwa mezani. Vilevile halmashauri, zikiwamo za Jiji la Arusha na Wilaya ya Meru, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, ukarejeshwa mwaka 2024. Hata kikomo cha sifuri hakikutosha pale ambapo hesabu haikuonekana vizuri.

Mifano ya nchi nyingine

Uingereza iliweka kikomo cha asilimia 10 mwaka 1545, ikakishusha hatua kwa hatua mpaka asilimia 5 mwaka 1714, na ikakifuta mwaka 1854. Katika Marekani, wapiga kura wa South Dakota mwaka 2016, wa Colorado mwaka 2018 na wa Nebraska mwaka 2020 walikubali kwa wingi mkubwa kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka juu ya mikopo midogo ya muda mfupi. Katika Nebraska waliokubali walizidi wanane kwa kila kumi. Yafaa kulinganisha: kikomo hicho ni sawa na asilimia 3 kwa mwezi, chini kidogo ya kile cha Tanzania. Katika majimbo hayo wakopeshaji wengi wa aina hiyo walifunga maduka yao. Waliounga mkono kura hiyo waliuona huo kuwa ushindi. Waliopinga waliuliza mkopaji asiye na dhamana ataelekea wapi.

Swali la wapinzani lilipata jibu la karibu zaidi nchini Kenya. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi Agosti 2016 ilizuia benki zisitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya nchi hiyo, na kwa hiyo kikomo kikawa karibu asilimia 14. Umma uliipokea kwa furaha. Lakini benki zilipendelea kununua hati fungani za serikali kuliko kumkopesha mfanyabiashara mdogo ambaye hawakuweza tena kumtoza kulingana na hatari yake, na mikopo ya watu wa aina hiyo ikapungua. Sheria hiyo ilifutwa mwezi Novemba 2019. Katika muda huo huo mikopo ya simu, ambayo haikuguswa na kikomo kile, iliendelea kustawi kwa bei iliyokuwa mbali juu ya asilimia 14.

Hitimisho

Nchi ya mlima Meru imeona, katika muda wa kama miaka 130, namna nne za kuuwekea mkopo mpaka. Desturi iliufunga mkopo kwa uzazi wa mnyama na kwa macho ya majirani. Sheria ya mwaka 1923 ilimfunga mkopaji, na ikamwacha bila mtaji. Siasa ya mwaka 1967 ilimwondoa mkopeshaji binafsi na kuweka dola mahali pake, lakini dirisha la dola halikumfikia kila mtu. Sheria ya mwaka 2018 yamfunga mkopeshaji kwa tarakimu. Hii ya mwisho ndiyo iliyo wazi zaidi katika kumtaja anayepaswa kubanwa, na kwa hiyo haifai kudharauliwa. Mama muuza ndizi wa soko la Kilombero aliyetozwa asilimia 20 kwa mwezi ana hakika sasa kwamba amedhulumiwa kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo nyanya yake hakuwa nalo.

Lililobaki ni kuurudisha mkopo mbele ya macho ya watu. Sehemu moja ya kazi hiyo ni ya wakaguzi na mahakama. Sehemu nyingine ni ya lugha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kwa hiyo ni wajibu wa wataalamu wa lugha kutoa istilahi zitakazotenganisha bila utata riba ya deni lililobaki na riba ya mtaji wa mwanzo, na zitakazoiita ada kuwa riba pale inapofanya kazi ya riba. Maadamu mkopaji wa Ngarenaro au wa Nkoaranga hawezi kusoma katika mkataba wake, kwa maneno anayoyajua, jumla ya shilingi atakazolipa, kikomo cha asilimia 3.5 kitaendelea kujulikana zaidi ofisini kuliko sokoni, na usemi wa "kausha damu" hautakosa wa kuutumia.